Gari moshi la mvuke halisi kwa mtoto: uzoefu wangu hapa Unguja

Hili si lile la betri lenye taa na moshi wa kuchezea. Lina boila (chombo cha kuchemshia maji) ya shaba ya manjano, silinda mbili ubavuni na moto chini ya tumbo. Mvuke ukiisha, linasimama. Linakwenda kwenye reli ya upana wa milimita 32, na urefu wake haufiki rula ya skuli. Nimelitumia masika na kiangazi, pamoja na mtoto wa miaka tisa. Kampuni siitaji, kwa sababu mengi ninayoyaeleza yanahusu kila mashine ya aina hii.

Kwa nini si la umeme? Mtoto wa Unguja akitaka kuona treni lazima avuke bahari. Dar es Salaam atapanda ya umeme ya kwenda Dodoma, nzuri na ya kasi, ila nguvu inatoka wapi haoni. Za mvuke zimelala kwenye makumbusho ya reli Nairobi: ipo 5918, Mount Gelai, tani 252, lakini moto wake umezimwa. Kwenye hili dogo kila kitu kiko nje. Maji yanachemka, mvuke unasukuma pistoni, pistoni inavuta gurudumu. Mtoto anafuata kwa kidole (moto ukiwa haujawashwa, tafadhali).

Nianze na maji, maana hapa ndipo mashine nyingi zinapofia. Maji ya Unguja, ya bomba na ya kisima, yanapita kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo yamejaa chokaa. Ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la chai ndio utakaoganda ndani ya boila, na boila hii huwezi kuifungua ukaisugua. Ukoko unachelewesha moto, unaziba mrija wa mvuke, na kibaya zaidi unaikamata vali ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi. Maji ya chupa ya kunywa nayo siyaamini, mengi yana madini. Yanayofaa ni maji ya betri, yale yaliyotoneshwa, yanayouzwa vituo vya mafuta. Soma chupa mara mbili: inayotakiwa ni maji, si asidi. La pili ni maji ya mvua. Iache mvua ioshe bati kwa dakika ishirini, ndipo ukinge kwa ndoo ya plastiki na uchuje kwa kitambaa. Usikinge kwenye tangi la saruji. Saruji yenyewe inatoa chokaa.

Kama umeshatumia ya bomba, changanya siki nyeupe na maji ya vuguvugu nusu kwa nusu, jaza boila, iache nusu saa bila moto, kisha suuza mara tatu. Usilaze usiku kucha, asidi inakula shaba.

Boila ya langu inachukua mililita 120. Mtoto anapima 90 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, hazidishi. Ukijaza mpaka juu mvuke unakosa nafasi, maji mabichi yanaingia kwenye silinda na gari linatema mate badala ya kutembea. Nafasi iliyobaki si hasara.

Kuhusu moto kuna kanuni moja isiyo na mjadala: moto ufe kabla ya maji. Boila ikikauka moto ukiwa bado unawaka, risasi iliyounga viungo inayeyuka na mashine imekwisha. Langu lilikuja na vidonge vya moto. Vinawaka vizuri, lakini moshi wake unawasha macho na koo, na kuagiza vyengine ni shida kwa sababu ndege hazipendi kubeba vitu vinavyowaka. Nikahamia taa ya spiriti, inayouzwa kama kipuri. Mililita 20 za spiriti zinawaka kama dakika kumi na tano: nne au tano za kuchemsha, kumi za kutembea. Wakati huo zinaondoka kama 60 za maji, zinabaki 30. Vipimo hivyo ni vya langu. La kwako pima mwenyewe mara ya kwanza: moto ukizima, mwaga maji yaliyobaki kwenye kikombe uyapime. Yakiwa chini ya 25, punguza spiriti. Katikati ya safari usiongeze kitu, si spiriti wala maji.

Mafuta ya taa usijaribu. Masizi yatapaka boila nzima na moto hautatosha. Spiriti ina faida kwamba inachanganyika na maji, kwa hiyo ikimwagika na kuwaka, taulo lililoloweshwa au ndoo ya maji inaizima. Ubaya wake ni kwamba juani ndimi zake hazionekani. Mtoto anaweza kupeleka mkono akidhani pamezima. Kwa hiyo washa kivulini, na anayewasha ni mtu mzima, siku zote.

Kabla ya kiberiti kugusa utambi, vuta kijiti cha vali ya usalama kwa koleo. Lazima kinyanyuke na kurudi chenyewe. Ya langu inafunguka kwenye baa 1.5, na kwa shinikizo hilo maji ndani yanafika nyuzi 127. Kijiti kikigoma, hakuna kuwasha. Kuna watu wanaikaza springi ili gari liende kasi. Asiruhusiwe mtu kuigusa.

Kikombe cha oili ndicho kinachowachanganya wengi. Ni kisilinda kidogo kwenye njia ya mvuke, kabla ya silinda. Mvuke unaingia humo, unapoa, unageuka maji. Maji ni mazito kuliko oili, yanazama chini na kuinyanyua oili itoke tone kwa tone kuelekea pistoni. Baada ya kila safari utakuta kimejaa maji. Yafyonze yote, ndipo ujaze oili. Ukiongeza oili juu ya maji, unadhani umepaka kumbe pistoni inasaga kavu. Oili yenyewe iwe ya silinda za mvuke: nzito, imechanganywa na mafuta ya mnyama ili ishike kwenye chuma chenye maji. Ya cherehani ni nyepesi, mvuke unaiosha mara moja. Mafuta ya nazi nayo hayafai. Ya cherehani iwekee ekseli tu.

Maji yakichemka, gari halitaondoka lenyewe. Silinda bado ni baridi, mvuke unageuka maji humo humo. Lisukume kwa kitambaa kinene mbele na nyuma mara tano au sita. Litatema maji na oili kwenye bomba la moshi, kisha litashika. Matone hayo ni ya moto, kwa hiyo mtoto avae viatu, na kanzu au kanga yenye ncha inayoning'inia isikaribie. Kwa tanbihi, sakafu yako itapata madoa. Sinia kubwa la bati chini ya sehemu ya kuwashia linasaidia.

Upepo ni adui wa pili baada ya chokaa. Kusi linapovuma, moto unalala upande na boila haichemki kabisa. Uani, nyuma ya ukuta, ndiyo mahali pake. Barazani panafaa asubuhi tu. Reli iwe sawa: tofauti ya unene wa biskuti kwenye duara inatosha kulifanya gari lipande upande mmoja kwa taabu na kuruka upande wa pili. Nimeweka ubao wa plaiwudi chini, na huo umesaidia kuliko kitu chochote nilichonunua.

Sasa kinachomkalisha mtoto saa nzima. Unguja ilikuwa na reli. Ya mwanzo ni ya Sayyid Barghash kwenda Chukwani, iliyoanza kwa nyumbu kabla ya kupata injini ndogo. Ile inayokumbukwa ni ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kuanza 1905: maili 7 kutoka mjini, upana wa futi 3. (Wapo wanaoapa kwamba jina la Bububu ni mlio wa gari moshi. Lakini Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliishi Bububu karne ya 19, hakuna reli.) Futi 3 ni milimita 914. Gawa kwa 32, unapata kama 28.6. Maili 7 ukizigawa hivyo hivyo zinakuwa karibu mita 394. Duara letu lina kipenyo cha mita 1.3, mzunguko mmoja ni mita 4 na kidogo, kwa hiyo Bububu iko mizunguko 97 kutoka mjini. Mtoto anahesabu kwa kete za bao. Kwa moto mmoja linakwenda mizunguko 80 au zaidi kidogo, halafu linakatika njiani. Ndipo panapohitajika stesheni ya maji, na ndipo alipoelewa bila kuelezwa kwa nini treni za zamani zilikuwa na matangi makubwa kando ya reli. Maruhubi, Mtoni na Kibweni ameziandika kwenye vibao vya kadibodi. Hesabu ya kugawa aliyokuwa akiikimbia skuli anaifanya mwenyewe.

Baada ya safari usikimbilie kufungua kizibo cha boila, mvuke utakuunguza. Subiri dakika kumi, vuta kijiti cha vali. Kama hakuna sauti, fungua. Lakini usiache ikapoa kabisa ikiwa imefungwa. Mvuke ukipoa unaacha utupu ndani, na utupu huo unaifyonza oili kutoka kwenye kikombe mpaka ndani ya boila. Safari inayofuata maji yanatoa povu na gari linatema tu. Ukimaliza kumwaga maji, futa magurudumu na reli kwa kitambaa chenye oili nyepesi. Hewa ya chumvi inafanya kazi usiku. Asubuhi utakuta kutu kwenye chuma na ukijani kwenye shaba.

Kasoro za langu: rangi iliyo karibu na moto imebabuka mwezi wa kwanza, na springi inayobana silinda moja ilikuja imelegea, mvuke ukawa unavuja usoni pa silinda. Niliibana robo mzunguko, ikatulia. Ukiibana sana pistoni inagoma. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa picha tu, na kikombe cha oili hakikutajwa popote.

Bei ya gari lenyewe ni sehemu tu ya gharama, kwa sababu reli, taa ya spiriti, oili na ushuru vinafuata. Ukiagiza, agiza pamoja washa (pete za kuzibia) za kizibo zisizopungua nne, springi mbili za silinda na vali ya usalama ya akiba. Fundi wa hapa atakuchongea mengi, lakini vali hiyo usimpe achonge. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane, au nyumba ambayo mtu mzima hawezi kukaa dakika ishirini na tano bila kuinuka kupokea simu, mimi singelinunua.