Bumu likiingia: vifaa vya kununua kabla ya mazoezi ya kufundisha, kwa mpangilio wa umuhimu

Msimu wa mazoezi ya kufundisha ukikaribia na bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, likiingia, maswali huanza mabwenini: tununue nini? Wengi hutaja projekta kwanza, kwa sababu ndiyo tuliyoizoea kumbini chuoni. Mimi nimekwenda mazoezini mara mbili, zote shule za kata, nikifundisha Fizikia na Hisabati. Mkondo mmoja ulikuwa na wanafunzi 94. Umeme uliishia ofisi ya walimu, madarasani haukufika. Kwa hiyo nimevipanga vifaa hivi kwa swali moja: siku umeme umekatika na bando limeisha, kipi bado kinamsaidia mtoto anayekaa dawati la nyuma?

Cha kwanza: laptopu iliyotumika

Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua kompyuta mpakato. Slaidi si sababu yangu. Kazi yake kubwa iko nje ya kipindi: azimio la kazi, maandalio ya somo, kujumlisha maksi, na zaidi ya yote, mitihani. Shule isiyo na kompyuta hupeleka mtihani steshenari ya mjini ukachapwe, na kila mkono unaoupitia ni nafasi ya kuvuja. Ukiuchapa mwenyewe na kuufunga kwa nywila, umewatendea haki wanafunzi waliokesha wakisoma. Kwangu mimi hilo peke yake linalipa gharama yote.

Laptopu mpya za bei ya chini, zile za prosesa (kiini cha kompyuta) dhaifu ya Celeron na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4, mimi siziendei. Baada ya mwaka mmoja zinachoka, na nyingi kati yake huwezi kuziongezea chochote. Bora mashine ya ofisini iliyokwisha kutumika: Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 au HP EliteBook 840 G5. Zilitengenezwa kwa kazi ya kila siku, na fundi akizifungua anaweza kuongeza RAM au kubadili diski. Mimi T480 naipa nafasi ya juu kwa sababu ina betri mbili, moja ndani na nyingine nje inayochomolewa. Ya nje ikichoka unanunua nyingine, unaipachika mwenyewe bila kuhitaji fundi.

Hapa naomba uwe makini sana. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10. Windows 11 nayo haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Wauzaji wanalijua hilo, na mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zimejaa sokoni kwa bei ya kuvutia. Usiulize “ni Core i5?” maana i5 zipo za miaka mingi. Soma tarakimu inayofuata baada ya kistari: i5-7300U ni kizazi cha 7, i5-8250U ni cha 8. Jina la modeli pekee halitoshi, kwa kuwa modeli moja huweza kutoka na prosesa tofauti. Chukua RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256, usishuke hapo.

Dukani usiwe na haraka. Izime kisha uiwashe, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, uone kama inadai nywila. Ikidai, irudishe mezani, kwa sababu huenda bado imefungwa na kampuni iliyoimiliki. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, halafu fungua ripoti inayotolewa na ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa umebaki chini ya nusu, bei ishuke au betri ibadilishwe mbele yako. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Jaribu tundu la HDMI kwa kuichomeka kwenye skrini ya dukani.

Ukishakuwa nayo, ijaze ukiwa bado una intaneti ya chuo. PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2001, unatoa majaribio ya sayansi na hisabati bila malipo, na mengi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Unayapakua yakakaa kwenye mashine na kufunguka bila mtandao. Kolibri, programu ya maktaba ya masomo ya shirika la Learning Equality, nayo inafanya kazi bila intaneti, ukishapakua masomo unayoyataka. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania unavisoma bure katika Maktaba Mtandao yao.

Somo la saketi za umeme nililifundisha hivi: laptopu mezani, kundi la wanafunzi kumi linakuja kuunganisha betri na taa kwenye skrini, wengine wanafanya zoezi daftarini, kisha tunapokezana. Kipindi kimoja hakikutosha, nikaazima cha mwenzangu. Ila swali la kwa nini taa zikiwekwa sambamba hazififii kama zikiwa mfululizo, walilijibu wao, si mimi.

Cha pili: spika ndogo ya kuchaji

Najua wengi watashangaa kuiona juu ya projekta. Sauti ya laptopu haivuki dawati la tatu, na simu ndiyo kabisa. Kwa anayefundisha Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili, au anayekwenda shule ya msingi na nyimbo za Ubongo Kids, spika inalifikia darasa zima bila waya ukutani, na usiku mmoja wa kuchaji ofisini unaweza kutosha siku nzima ya vipindi. Chagua yenye tundu la memori kadi, la flashi na la waya wa AUX; Bluetooth ikisumbua, somo linaendelea. Kwenye boksi tafuta wati za RMS, yaani nguvu halisi ya kudumu. Namba kubwa zinazoandikwa PMPO zipuuze, hazikuambii sauti halisi.

Cha tatu: projekta, tena kwa kuchangiana

Darasa letu lina madirisha mapana yasiyo na pazia. Saa nne asubuhi jua limeingia hadi ubaoni. Katika mwanga huo projekta inahitaji lumeni za ANSI (kipimo sanifu cha mwangaza) zipatazo 3,000 ili mtoto wa nyuma asome maandishi. Zile projekta ndogo zinazouzwa kama zawadi huandikwa lumeni elfu kadhaa bila neno ANSI, na ukizipima ni mia chache tu. Usiku chumbani zinapendeza. Mchana darasani, mwenzangu wa Jiografia alining’inizia madirisha mashuka ya kitanda, na bado ramani haikuonekana.

Tazama pia neno “native”, yaani idadi ya nukta ambazo projekta yenyewe inaonyesha. Projekta inaweza kupokea picha ya 1080p na bado ikaonyesha 800 kwa 480, hapo herufi ndogo zinavurugika. Kwa darasa, 1024 kwa 768 inafaa. Ukinunua iliyotumika, ingia kwenye menyu usome saa ambazo taa yake imekwisha kuwaka, kwa sababu taa mpya inaweza kula sehemu kubwa ya bei ya projekta yenyewe. Hakikisha ina HDMI. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji awashe taa zote za duka na kufungua mlango.

Bei yake ni mzigo kwa mwanachuo mmoja. Mnaopangiwa shule moja mnaweza kuchangia, lakini andikeni mapema nani atabaki nayo.

Vinavyoweza kusubiri

Kishikwambi usinunue sasa. Vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vilipelekwa kwa walimu, na huenda ukakikuta shuleni. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ni kifaa kizuri kwa shule yenye chumba cha kompyuta. Isiyo nacho, laptopu yako inaendesha Kolibri vilevile.

Simu unayo. Ukilazimika kununua nyingine, piga *#06#, tuma namba ya IMEI, utambulisho wa simu, kwenda 15090, usubiri majibu ukiwa bado dukani. Usiku wa Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia, na waliokuwa wamezilipia ndio waliopata hasara.

Hela ikibaki, chukua flashi mbili, moja ya mitihani pekee, na ekstensheni ndefu yenye fyuzi.

Dai risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, kwa kila kifaa, na namba yake ya utambulisho iandikwe humo. Siku ya kuripoti mwonyeshe mkuu wa shule risiti hizo, ili siku ya kuondoka pasizuke mjadala kifaa ni cha nani.