Fundi wa fremu Mkunazini, nyota nne

Kama una picha ya zamani unataka uiprinti kubwa na kuitia fremu, nenda kwa huyu fundi wa Mkunazini, kazi yake safi sana ila siku anazokuahidi usizitie maanani. Mie nilimpelekea picha ya timu ya raga ya Scotland ya 1871, wale waliocheza na England mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa pale Raeburn Place, Edinburgh, tarehe 27 Machi, nataka tuitundike maskani.

Niliitaka kwa sababu ya Alfred Clunies-Ross. Jamani huyu mtu wa visiwani kama sisi, ukoo wao ulihamia Cocos tangu 1827, Bahari ya Hindi hii hii, wakaishi kwa minazi na mbata, babu yake mzungu wa Shetland, visiwa vya Scotland, na yeye mwenyewe ana damu ya Kimalei, akaenda kusoma chuo cha St Andrews ndo akachaguliwa timu ya taifa. Anahesabiwa mchezaji wa kwanza asiyekuwa mzungu mtupu kwenye raga ya kimataifa. Walikuwa 20 kila upande, kipindi kimoja dakika 50, na trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, wakati ule haina pointi, inakupa ruhusa tu ya kupiga mpira golini. Scotland wakashinda. Taifa hakuchezea tena, lakini siku ile hakuna wa kumfutia.

Sasa kazi yenyewe. Kijana wa kompyuta alishaanza kusafisha nyuso kama za picha za harusi, ngozi zote nyeupe laini, nikamwambia mwanangu hapana, hapa rangi ya mtu ndo habari yenyewe. Hakununa wala nini, akairudisha ilivyokuwa, akaondoa madoa na mikwaruzo tu, mpaka mikunjo ya fulana unaiona. Fremu ya mninga, ukipitisha kidole kwenye pembe huhisi mwanya hata kidogo.

Nyota moja nimeikata kwa sababu niliambiwa Jumanne nikaipata Ijumaa, na karatasi ya nyuma ishaanza kubanduka, kwa hewa yetu hii ya chumvi inataka gundi kali. Elfu arubaini na tano pamoja na kioo, bei nzuri. Ukitaka maneno chini ya picha mwambie mapema, haongezi pesa, mie kaniandikia ALFRED CLUNIES-ROSS, COCOS kwa herufi kubwa.