Sanduku la kadi za picha za kufundishia Kiingereza: michezo ipi inawatoa watoto maneno?

Nafundisha Kiingereza watoto wa miaka saba hadi tisa ambao Kiingereza wanakisikia darasani tu. Wakitoka nje ya mlango, lugha nyingine inaendelea na maisha yake. Kwa hiyo sanduku la michezo nalipima kwa swali moja: mpaka kipindi kinaisha, kila mtoto amefungua mdomo mara ngapi? Piga hesabu. Darasa lina watoto 40, kipindi ni dakika 40. Nikiwauliza mmoja mmoja, kila mtoto anapata dakika moja, na hapo mimi mwenyewe sijasema neno. Mchezo unaomsimamisha mtoto mmoja mbele huku wenzake 39 wanamtazama ni mchezo wa mtu mmoja, hata darasa zima likicheka.

Ndani ya sanduku mna kadi 120 za picha, dadu mbili kubwa za sponji, ubao wa mchezo unaokunjwa, karatasi za bingo, jozi 10 za picha kubwa na kitabu cha mwongozo. Jina la kampuni naliacha makusudi. Masanduku ya aina hii yanafanana sana, na ninayoyasema yatakufaa hata ukichukua la kampuni nyingine.

Nianze na kadi za vitenzi, kwa sababu hizo ndizo zinazofanya kazi tangu siku ya kwanza. Jump, sit, turn, point, touch. Mwongozo unazitumia kwa njia iliyotokana na James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeikuza katika miaka ya 1960: mtoto anasikia amri, anaitenda kwa mwili, wala hadaiwi kusema mpaka awe tayari. Mtoto mwenye aibu anapona hapa. Anaruka na wenzake, anagusa dirisha na wenzake, na mimi naona wazi kwamba ameelewa ingawa hajatamka kitu. Wengi hukaa kimya kwa wiki kadhaa wanapoanza lugha mpya, na ukimya huo si uvivu. Wanakusanya.

Nilichobadilisha ni sheria ya kutoa watu. Katika mchezo wa Simon Says, ambamo mtoto anatii amri pale tu inapoanza na maneno "Simon says", mwongozo unasema anayekosea akae chini. Sikubaliani kabisa. Anayekosea ndiye hasa anayehitaji kusikia amri nyingi zaidi, na sheria hiyo inamweka pembeni akiwa bado hajajifunza. Kwangu anayekosea anakuja mbele na kufunua kadi inayofuata, halafu anarudi mchezoni. Amri zikishazoeleka naziunganisha mbili mbili: touch your nose and turn around. Kisha naleta zile za kuchekesha, kama put your book on your head, kwa sababu mtoto hawezi kuibahatisha amri asiyoitarajia, ni lazima aisikilize. Mwisho nawaachia waamrishane wawili wawili. Hapo darasa linakuwa na sauti 20 kwa wakati mmoja.

Lakini kama ningeruhusiwa kubaki na kitu kimoja tu kutoka sanduku zima, ningechukua zile jozi 10 za picha. Kila jozi inaonyesha chumba kilekile chenye tofauti chache: huku paka yuko chini ya meza, kule yuko nyuma ya kiti, huku saa iko ukutani, kule haipo. Watoto wawili wanakaa wakipeana mgongo, kila mmoja na picha yake, na kazi yao ni kuzigundua tofauti bila kuchunguliana. Is there a cat under the table? No. Where is it? Hakuna mwalimu anayewasukuma. Mtoto anauliza kwa sababu anataka kujua, na jibu analo mwenzake. Under, behind, between, next to: maneno ambayo kwa kukariri huwa yanasahaulika upesi, hapa yanarudi tena na tena mpaka yanakaa.

Mwongozo haukuambii kwamba mchezo huu unahitaji matayarisho. Ukiwagawia picha bila kuwapa sentensi, dakika ya pili watahamia lugha ya nyumbani, na huwezi kuwalaumu. Ninaandika ubaoni vianzio viwili vya maswali, na kwenye bango la ukutani nimeweka sentensi za kuendeshea mchezo wenyewe: Say it again, please. I don't understand. It's my turn. Watoto hawa wamezishika sentensi hizi kuliko chochote kilichomo kwenye kitabu chao cha kiada, maana wanazihitaji kila zamu.

Kadi za sauti zimenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Zinakuja kwa jozi: ship na sheep, hat na hut. Kwa mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, chenye irabu tano tu, hii ni kazi ngumu ya sikio. Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa vitabuni kina sauti za irabu zipatazo 20. Mimi natamka, wao wanaipiga kiganja kadi waliyoisikia. Zoezi zuri, ila utamu uko katika hatua ya pili, ambapo mtoto mwenyewe anatamka na mwenzake anapiga. Akisema vibaya, mwenzake anapiga kadi ya kondoo wakati yeye alitaka meli. Anajisikia mwenyewe, anarudia, anavuta au anafupisha sauti mpaka kiganja kiangukie panapotakiwa. Sijamkatiza, sijamwaibisha mbele ya watu.

Bingo, ambamo mtoto anatia alama kwenye karatasi yake kila anaposikia kilichomo kikitajwa, ni ya kusikiliza na inatosha, mradi mwitaji awe mtoto.

Ubao wa mchezo sijaupenda. Watoto wanarusha dadu, wanasogeza vitufe, wanagombania nani kashinda, na Kiingereza chote kinaishia kwenye kuhesabu one, two, three. Dadu zenyewe nimeziokoa: nimebandika who, what, where, when, why na how kwenye nyuso sita. Mtoto anafunua kadi yoyote, anarusha, na anamuuliza jirani swali linaloanza na neno lililotokea. Why is the boy running? Majibu yanayokuja ni ya ajabu, na ndiyo ninayoyataka.

Kuhusu utengenezaji, kadi ni nene, zimefunikwa plastiki, na picha zinaonekana mpaka dawati la nyuma. Kasoro mbili zinaniudhi. Neno limechapwa upande uleule wa picha, kwa hiyo mtoto anayejua kusoma anasoma badala ya kukumbuka, na asiyejua anaachwa nyuma. Nimefunika maneno yote kwa vipande vya karatasi vinavyobanduka. Lilipaswa kuwa nyuma ya kadi tangu mwanzo. Pia kadi za hisia zimechorwa kwa haraka: uso wa tired na uso wa sad ni mmoja, na watoto wanabishana kwa haki kabisa.

Kwa darasa la watoto 40, jozi 10 za picha zinawatosha 20 tu. Nagawa darasa mara mbili: nusu wanatafuta tofauti, nusu wanaamrishana kwa kadi za vitenzi, na katikati ya kipindi wanabadilishana. Kama una watoto 20 au pungufu, sanduku moja linakutosha bila kuhangaika. Na usiziache zile kadi tupu zilizo chini kabisa ya sanduku, ambazo mwongozo hauzitaji hata kwa mstari mmoja. Wape watoto wazichore. Wangu wamechora mwenye kuvua samaki, mwenye kusuka nywele na mwenye kulala darasani, na kila aliyechora kadi ilibidi aniulize kitendo chake kinaitwaje kabla ya kuwafundisha wenzake.