Miaka Tisa Ndani ya Munno Mukabi wa Bombo: Fedha Zinazomfikia Maiti Kabla ya Mgonjwa

Mara mbili katika miaka tisa nimepokea fedha za chama cha munno mukabi cha mtaa wetu hapa Bombo. Mara ya kwanza ilikuwa mama yangu alipofariki, na fedha zilifika kabla ya saa nne asubuhi. Mara ya pili ilikuwa mdogo wangu alipolazwa kwa maradhi ya figo, na fedha zilifika siku ya ishirini na tatu, mgonjwa akiwa amekwisha rudi nyumbani na deni la dawa likiwa limehamia kwa wakwe zake. Viongozi walikuwa ni wale wale, na sanduku ni lile lile. Jina la chama silitaji, kwa sababu wanaokiendesha ni majirani zangu, na kasoro nitakazozieleza hazikuanzia kwao.

Kwa msomaji asiyeishi Uganda, munno mukabi ni maneno ya Kiganda yenye maana ya mwenzako katika shida. Ni vyama vya watu wa kijiji au mtaa mmoja wanaochangiana hasa wakati wa msiba. Mzizi wake uko katika desturi ya mabugo: zamani wafiwa walipelekewa vitambaa vya magome ya mti wa mutuba ili maiti avikwe na kuzikwa kwa heshima, na jina hilo limebaki hata baada ya magome kugeuka noti, kama vile watu wa pwani wanavyoendelea kusema ubani ilhali hakuna udi wala uvumba ndani ya bahasha. Wazee wanakumbuka kwamba vyama hivi viliongezeka sana katika miaka ya 1980 na 1990, wakati ukimwi ulipokuwa ukizifunga nyumba moja baada ya nyingine, na hakuna ukoo ulioweza tena kuwazika watu wake kwa nguvu zake pekee. Ninaona ni muhimu kukumbuka asili hiyo, kwa maana chombo kilichoundwa na makaburi hakiachi kwa urahisi kutazama makaburi.

Bombo ina jambo lake la pekee. Mji huu ulio kaskazini mwa Kampala, katika barabara ya kwenda Gulu, ulikuwa kambi ya King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza, na hadi leo ni makao makuu ya jeshi la nchi kavu. Sisi Wanubi tuliletwa na jeshi, wajukuu wa askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri katika jimbo la Ikweta, ambao Mwingereza Kapteni Lugard aliwachukua mwaka 1891, na baada yetu wakaja wastaafu wa Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na wengineo, wakanunua viwanja miongoni mwa Waganda wenyeji. Ndiyo maana mikutano ya chama huendeshwa kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna anayeweza kudai kuwa ni ya nyumbani kwake peke yake. Ndiyo maana pia chama kinapaswa kukidhi namna mbili za kuzika ambazo hazifanani hata kidogo: Mwislamu anayefariki usiku huzikwa kesho yake baada ya sala ya adhuhuri, umbali wa mwendo wa miguu, ilhali mstaafu wa Kitgum, mbali kaskazini mwa nchi, hulala mochari siku kadhaa akingoja gari la kumrudisha kwao.

Ukusanyaji wa fedha una njia nne. Mwanachama mpya hulipa kiingilio cha shilingi 20,000, kisha ada ya shilingi 5,000 kila mwezi kwa kaya, na panapotokea msiba kila kaya huongeza shilingi 2,000 ndani ya wiki moja. Kaya tuko kama 140. Njia ya nne ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa haimchoshi mtu: chama kilinunua polepole mahema, viti vya plastiki na sufuria kubwa za kupikia matoke na posho, yaani ugali, vyombo ambavyo mfiwa mwanachama huvitumia bure na mtu wa nje huvikodi. Viti vilivyokaliwa na waombolezaji siku ya Jumanne hukaliwa Jumamosi na wakwe katika kwanjula, sherehe ya kutambulisha wachumba, na sijawahi kumsikia bibi harusi akilalamika. Mwaka jana kodi ya vyombo ilitosha kuziba pengo la ada za watu waliochelewa.

Ada hupokelewa kwa mkono au kwa simu. Malipo ya simu yamemsaidia sana mwanachama anayefanya kazi Kampala au Juba, lakini yana gharama yake, kwa kuwa juu ya ada ya mtandao ipo kodi ya serikali ya nusu asilimia kila fedha zinapotolewa. Hiyo ndiyo iliyobaki baada ya ile kodi ya asilimia moja ya Julai 2018 iliyotozwa hata kwenye kuweka na kupokea, iliyopigiwa kelele nchi nzima hadi ikapunguzwa mwaka huo huo. Chama kimeamua kwamba anayelipa kwa simu aongeze gharama ya kutolea, uamuzi wa haki, ingawa mweka hazina hulazimika kuwakumbusha watu wazima kila mwezi kama watoto wa shule.

Sasa niseme juu ya kile ambacho chama kinakifanya vizuri kuliko chombo chochote cha fedha ninachokifahamu. Mama alifariki usiku wa Jumatano. Nilimpigia simu mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, kabla ya alfajiri, naye akampigia katibu wa chama. Kulipopambazuka vijana wa zamu walikuwa wakisimamisha hema uani, na kina mama walikuwa wamegawana kuni, maji na maharagwe bila kuniuliza neno. Hajati mweka hazina alifika mwenyewe, akakaa mkekani, akafungua daftari, akanisomea mchango wangu wa mwisho, akanihesabia shilingi 300,000, ambazo ndizo stahiki ya kufiwa na mzazi, kisha akanipa kalamu nitie sahihi. Nilipomwambia kuwa angeweza kungoja hadi baada ya mazishi alinijibu, "Mwanangu, mwenye maiti hangoji." Kwa fedha hizo tulilipa sanda, mbao za kaburini na gari la kuwachukua shangazi zangu kutoka Kibuli. Hakuna fomu niliyojaza. Watu wa kaya 140 walikuwa wakinifahamu, na mmoja wao alikuwa na ufunguo.

Ufunguo wenyewe si mmoja, na hilo linastahili kutajwa. Sanduku la fedha za dharura lina kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa watu watatu wasio wa ukoo mmoja, utaratibu uliochukuliwa kwa vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo shirika la misaada la CARE ilivianzisha Niger mwaka 1991 na ambavyo leo vimeenea Uganda yote. Kiasi kikubwa kiko benki, na kukitoa huhitaji sahihi tatu. Kila robo mwaka hesabu husomwa kwa sauti mbele ya wanachama, na kila mwenye kitabu hukilinganisha na daftari kuu. Mimi niliyefundisha hesabu kwa miaka mingi nimeyakagua madaftari hayo mara mbili. Nilikuta makosa ya kujumlisha, lakini sikukuta wizi.

Kasoro ya kwanza ni ndogo kuliko ya pili. Stahiki ya kufiwa na mke, mume au mtoto ni shilingi 600,000 kwa kila mtu, sawasawa, na usawa huo unapendeza ukisomwa kwenye katiba ya chama. Kwangu mimi, ninayezika hatua mia tatu kutoka nyumbani, fedha hizo hutosha na kubaki. Kwa jirani yangu Mwacholi, anayepaswa kukodi gari la maiti na basi dogo la waombolezaji hadi Kitgum, safari ya siku nzima, fedha hizo huisha kabla ya kuvuka daraja la Karuma, njiani. Hoja ya kuongeza posho ya usafiri imeletwa mkutanoni mara tatu, na mara zote tatu imeshindwa kwa kura za sisi tunaozika karibu. Nakiri kwamba mara ya kwanza mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyoipinga.

Kasoro ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Katiba inatoa shilingi 100,000, mara moja kwa mwaka, kwa mwanachama au mtegemezi aliyelazwa siku tatu au zaidi. Mdogo wangu alipolazwa nilitakiwa kuleta barua ya daktari, nakala ya stakabadhi za dawa, barua ya LC1, na kisha kungoja kikao cha kamati, ambacho kiliahirishwa kwa sababu wajumbe wawili walikuwa kwenye mazishi. Barua ya daktari ilipofika ilirudishwa, kwa kuwa jina la mdogo wangu lilikuwa limeandikwa tofauti na lilivyo katika orodha ya wategemezi. Wakati huo tulikuwa tukinunua dawa nje kila siku. Hospitali za serikali zilifuta malipo ya wagonjwa mwaka 2001, na jambo hilo ni neema kubwa, lakini kila aliyewahi kuuguza anafahamu maana ya kupewa karatasi na kuelekezwa duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara.

Nilimwendea mwenyekiti wa chama, askari mstaafu asiyependa maneno mengi, nikamwuliza kwa nini mgonjwa anadaiwa karatasi nne ilhali maiti hadaiwi hata moja. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, kifo kina kaburi. Ugonjwa una maneno."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miezi mingi, na sasa naona kwamba ndani yake mna hesabu ya kweli. Kifo huonekana na kila mtu, humpata mtu mara moja tu, na gharama yake hukadirika, hivyo mfuko mdogo unaweza kuahidi kukilipia na ukatimiza ahadi. Ugonjwa hurudi, hurefuka, hauna kipimo ambacho jirani anaweza kukithibitisha kwa macho, na mgonjwa mmoja wa figo au saratani anaweza kumaliza kwa mwaka mmoja akiba ya mtaa mzima. Kamati inaogopa, na hofu yake ina msingi. Ninachokikataa ni kuifanya hofu hiyo kuwa mlolongo wa karatasi badala ya kuitafutia utaratibu, hasa katika nchi ambayo Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa mwezi Machi 2021, na muswada huo haukuwa sheria. Mtu wa kawaida bado anategemea mfuko wake, nduguze, na vyama kama hiki.

Utaratibu huo haupaswi kuagizwa kutoka ng'ambo. Huko Kigezi na Ankole vipo vyama vya engozi, yaani vyama vya machela, vilivyoanza kwa sababu milima haikuruhusu gari na mgonjwa ilibidi abebwe mabegani na majirani hadi kwa mganga au hospitalini. Wao pia huzika pamoja, lakini kazi iliyowapa jina ilikuwa ya kumbeba aliye hai. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi, ya Kanisa la Uganda, wilayani Rukungiri, ilijenga mpango wake wa bima ya afya juu ya vyama hivyo hivyo: badala ya kuandikisha mtu mmoja mmoja, huandikisha kikundi, hivyo wenye afya huingia pamoja na wagonjwa na mfuko haubebi wanaoumwa peke yao. Mwanachama hulipa ada yake mapema, na anapotibiwa huongeza kiasi kidogo tu. Fedha haziendi mkononi mwa mgonjwa, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuthibitisha kwa barua nne kwamba anaumwa, kwa kuwa hospitali inayomtibu ndiyo inayolipwa.

Katika mkutano wa mwisho nilipendekeza kwamba chama chetu kijaribu jambo kama hilo kwa udogo: fedha za ugonjwa zipelekwe moja kwa moja kwenye zahanati au duka la dawa tutakalokubaliana nalo, kwa idhini ya watu watatu wenye funguo na bila kungoja kikao. Hajati aliunga mkono. Mwenyekiti aliomba muda, lakini hakukataa, na kwa wanaomfahamu hiyo ni hatua. Kura itapigwa katika mkutano wa robo mwaka ujao, pamoja na ile hoja ya usafiri, ambayo safari hii naiunga mkono.

Kwa aliyehamia Bombo na anajiuliza kama ajiunge, jibu langu ni kwamba ajiunge mapema, maana stahiki huanza baada ya miezi sita ya kulipa bila kukatiza. Asiufanye mfuko huu kuwa bima yake ya matibabu. Akiba ya ugonjwa aiweke penginepo hadi kura hiyo ipite. Maombi hupokelewa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi baada ya alasiri, chini ya mwembe ulio nyuma ya ghala la viti. Aje na barua ya LC1, picha mbili, kiingilio, na orodha ya wategemezi, kila jina likiwa limeandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho.