Shokapu za mbele za GSX-R750 kwenye SV650 ya zamani

Suzuki SV650 ya miaka ya 1999 hadi 2002 ina injini nzuri sana ya silinda mbili, lakini shokapu zake za mbele ni laini mno, na pua huzama kila breki inapokamatwa kwa nguvu. Seti nzima ya mbele kutoka GSX-R750 ya 2004, pikipiki ya spoti ya Suzuki, yaani shokapu zilizopinduliwa (bomba nene likiwa juu), vishikizo vinavyozifunga kwenye shingo ya pikipiki, gurudumu na kalipa za breki, inaondoa udhaifu huo kabisa: pikipiki hutulia kwenye kona, na skrubu za kurekebisha ugumu humpa kila mwendeshaji nafasi ya kuipanga kulingana na uzito wake.

Spidomita ndiyo inayosumbua, kwa kuwa ile ya zamani huendeshwa kwa kebo kutoka gurudumu la mbele, na gurudumu jipya halina pa kuifungia. Beringi za shingo zipimwe kuona kama zinalingana na seti hiyo kabla ya kununua chochote, na usukani uzungushwe hadi mwisho pande zote mbili ili kuhakikisha shokapu hazigongi tangi. Ninapendekeza badiliko hili kwa moyo wote, mradi seti inunuliwe ikiwa kamili, kwa sababu kutafuta kipande kimoja kimoja hugharimu zaidi.