Pesti, jeli au puti? Kuchora ukuta wa Bagamoyo kwa akriliki

Karibuni watazamaji. Leo mezani tuna makopo matatu: pesti ya marumaru, jeli nzito ya akriliki, na puti ya kawaida ya ukutani. Tunataka kuchora juu ya ubao picha ya ukuta wa Mji Mkongwe hapa Bagamoyo, wa mawe ya matumbawe, ambao lipu yake ya chokaa imebanduka vipandevipande. Kopo lipi litatupa mparuzo unaoshikika kwa kidole, na likae bila kumeguka?

Tuanze na pesti, maana ndiyo yenye maneno mengi. Watengenezaji wa rangi Golden wanaiita Molding Paste, wenzao Liquitex wanaiita Modeling Paste, lakini ni jamii moja: unga wa marumaru uliokorogwa na gundi ya akriliki. Ikikauka inakuwa nyeupe na ngumu, unaipiga msasa, unaichonga hata kwa kisu. Tazameni nikiichota hapa. Imesimama kwenye kisu kama ugali ulioiva, haichuruziki. Ndiyo dalili ya pesti nzuri. Ikiwa imelegea ujue imeongezwa maji, na maji mengi ndiyo mwanzo wa nyufa.

Kabla hujanunua, piga hesabu. Ubao wetu ni sentimita 40 kwa 50, yaani sentimita za mraba 2,000. Ukiupaka wote kwa unene wa milimita 1 utatumia mililita 200. Kwa hiyo kopo la mililita 237 linatosha mkono mmoja mwembamba, basi. Ukitaka milimita 3 ubao mzima, andaa mililita 600. Wengi huishiwa pesti katikati ya kazi kwa sababu hawakupima. Ushauri wetu ni kupaka unene pale tu jicho litakapotua: kwenye kingo za lipu iliyobanduka na kwenye mawe yaliyochungulia. Sehemu nyingine paka nyembamba.

Ubao uwe plaiwudi ya milimita 9, siyo kanvasi. Kanvasi inacheza ukiigusa, na pesti ikishakuwa ngumu haipendi kuchezewa. Ipige plaiwudi msasa namba 120, kisha paka mikono miwili ya midiamu (gundi ya akriliki isiyo na rangi) inayong'aa, mbele, nyuma na kwenye kingo. Msiruke hatua hii. Maji ya akriliki huvuta rangi ya njano kutoka ndani ya mbao, nayo hupanda juu taratibu wakati wa kukauka. Baada ya hapo jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, mikono miwili, halafu iache hadi kesho.

Sasa nyufa. Pesti nene ikipakwa kwa mkupuo, uso hukauka kwanza na kusinyaa huku chini bado ni uji. Uso ule unavutwa, haupati pa kushika, unachanika. Dawa yake ni kwenda kwa mikono: usizidishe milimita 3 kwa wakati mmoja, na kati ya mkono na mkono subiri siku nzima. Msimu wa masika, hewa ya hapa pwani ikiwa nzito, subiri siku mbili. Bonyeza kwa ukucha pembeni, ukiingia, bado. Na tafadhali usiharakishe kwa feni wala jua la saa saba. Weka kivulini.

Ila kwa ukuta huu tunazitaka nyufa chache! Basi tunazialika mahali pamoja. Kona hii ya chini kushoto tumeweka milimita 8 kwa makusudi, tukaielekezea feni. Sogeza kamera. Mnaona? Imepasuka kama tope lililokauka, na vipande vinainuka kidogo kwenye ncha. Ukiviacha hivyo vitadondoka, kwa hiyo chukua midiamu iliyolegezwa na maji kidogo, idondoshee kwenye nyufa kwa brashi nyembamba, iingie chini na kuvigandisha. Kingo za lipu nazo zikate kwa kadi ya plastiki pesti ikiwa bado mbichi. Vitundu vya matumbawe gonga kwa kumbi la nazi, au kandamiza kipande cha wavu wa kuvulia kisha ukibandue wima, siyo kwa kuburuta.

Mchanga pia unafaa, ila ule wa ufukweni una chumvi. Chumvi huvuta unyevu, na baadaye hutoa ukungu mweupe juu ya picha. Uoshe kwa maji baridi ya bomba mara nne, uanike, uchekeche kwa chujio la chai. Kipimo: kijiko kimoja cha mchanga kwa viwili vya pesti. Ukizidisha, gundi haitoshi kushika punje zote, na ukipitisha kiganja zitakumwagikia.

Jeli nzito ni kitu kingine. Mbichi ina weupe wa maziwa, ikikauka inakuwa angavu, kwa hiyo rangi uliyochanganya humo itakolea kuliko unavyoiona sasa. Inanywea zaidi ya pesti, kwa hiyo inua mawimbi yako kupita unavyotaka yabaki. Kwa maji ya bahari hakuna kinachoishinda. Kwa ukuta hapana, inang'aa mno. Na kwenye joto letu hubaki laini: msilaze picha mbili uso kwa uso, zitashikana.

Puti ya ukutani ni rahisi kwa bei, na kwa mazoezi juu ya ubao tunaikubali, vikombe viwili vya unga wa puti kwa kimoja cha gundi nyeupe ya seremala. Kwenye kanvasi tunaikataa kabisa. Ni kavu, haina mnyumbuko, ukiikunja kidogo tu inamwaga vipande. Chokaa yenyewe msiichanganye na akriliki, inaunguza ngozi.

Rangi sasa. Changanya kahawia iliyokolea na buluu kidogo, legeza kwa midiamu na maji kiasi, paka juu ya pesti iliyokauka vizuri, kisha futa mara moja kwa kitambaa chenye unyevu. Kiza kinabaki mashimoni, migongo inatoka nyeupe. Ikishakauka, chukua brashi kavu yenye rangi ya krimu, ifutie karibu yote kwenye gazeti, ipitishe ikiwa imelala juu ya migongo tu. Hapo ndipo jiwe linapojitokeza.

Kisu kifuteni kwa karatasi kabla ya kukiosha, na maji ya kuoshea msiyamwage kwenye sinki. Pesti ikigandia ndani ya bomba, fundi atalazimika kulikata.