Old School RuneScape na likelemba yetu ya ndani ya muchezo: uzoefu wangu wa mwaka moja na miezi mine

Minachezaka Old School RuneScape, muchezo wa online wa kuua maadui na kukusanya bintu, ku telefone hapa Lubumbashi, mu Katuba, mwaka moja na miezi mine sasa, na leo minataka kuongea juu ya kitu moja tu: bintu. Vile unabipata, vile unabichunga, na vile unabigawa na benzako mu likelemba, kila mutu analeta na mwenye zamu anakula zote, bila kuvunja urafiki. Picha zake ni za zamani, muchezo balifungulaka mu 2013 na kopi ya 2007, lakini njo maana ni mwepesi, telefone yangu ya RAM 2 inauendesha bila shida na mega haikulake sana. Ku telefone iliingiaka mu Oktoba 2018, konti ni moja tu, ukicheza ku ordinatere ao ku telefone bintu byako utabikuta fasi ulibiacha.

Mbele ya hapo nilichezaka muchezo ingine, jina yake nitaacha, kule bintu byote bizuri biko ndani ya masanduku ya kununua na feza ya kweli, unalipa, unafungula, unakuta kofia. Nilituma dola tano, kisha tano, kisha tano tena, upanga wenye nilikuwa natafuta sikuuona, na dola kumi na tano hapa kwetu ni bunga ya nyumba siku ngapi, weye unajua. Ubelgiji tume yao ya kamari ilisemaka mu 2018 kama masanduku ya vile ni kamari, na mi minakubali na roho yote, juu niliona vile mukono yangu ilikuwa inatetemeka mbele ya kubonyeza.

Mu RuneScape kitu inatoka ku adui mwenye umeua, basi. Mufuko iko na fasi 28 na njo pale akili inaanza kufanya kazi. Chukua mufano wa Hill Giant, yale majitu ya mu pango chini ya muji wa Edgeville, fasi tulilalaka siye wote mwanzoni. Jitu linaanguka, mufupa mukubwa uko chini, pembeni yake muzizi wa limpwurt, saa zingine law rune mbili, rune ni mawe ya uchawi. Rune zinapandana, hata zikuwe elfu moja zinakula fasi moja tu, lakini muzizi kila moja inakula fasi yake. Basi mufupa minauzika pale pale juu nivo ya Prayer, ufundi wa sala, ipande, muzizi minabeba, bintu bya chuma minaacha chini hata kama roho inauma. Mwanzo nilikuwa naokota yote, mufuko unajaa, minarudi benki, minarudi pangoni, siku moja nikaangalia saa nikakuta karibu nusu ya wakati ni kutembea tu. Na kuna giant key, ufunguo wenye unatoka mara moja ku 128, hauuzike, unafungula mulango ya Obor, jitu kubwa lao, mara moja tu kisha unapotea. Wa kwanza nilipata saa tano ya usiku, nikapiga kelele mpaka mama akaamuka akazani kuna mwizi.

Kitu yenye ilinifanya nipende huu muchezo kupita ingine yote ni vile wenyewe unatoa bintu na vile unabichukua. Baba anatuhadisiaka juu ya ile noti ya zaire milioni tano, watu walikuwa nayo mu mukono na haikununue kitu, mpaka mu 1993 wakaleta zaire mupya, moja kwa milioni tatu za zamani. Muchezo wa online unaweza kufa vile vile. Kila adui akianguka anatoa coin, feza ya muchezo, ao kitu, batu baua usiku na muchana, kama hakuna kitu inatoka basi upanga wenye uliteseka miezi mitatu kutafuta utakuwa bei ya maji. Hapa kuna matundu ya kutolea. Ukifika nivo 55 ya Magic, ufundi wa uchawi, unatupa uchawi wa High Alchemy, nature rune moja na fire rune tano, kitu kinakufa unapata coin asilimia 60 ya bei yenye muchezo ulikipangia. Ile inapunguza bintu lakini inaongeza coin, basi ku Grand Exchange, soko yenyewe, bakaweka kodi ya asilimia 1 mu 2021, na mu 2025 ikapanda asilimia 2, na sehemu ya ile kodi inanunua bintu sokoni na kubifuta kabisa. Batu benyewe balilalamika, mi hapana. Mi minaona kodi yenye inafanya kazi mbele ya macho yangu na minalipa bila kununa.

Kufa pia inaweza kukutolea bintu. Ukikufa fasi ya kawaida bintu unabikuta mu kaburi, una dakika 15 za kubifuata, na ile saa haitembei kama hauko ndani ya muchezo. Kwetu kuran inakatika wakati yoyote, simu inazima mukiwa mu vita, kwa hiyo kile kitu kidogo kiliniokoa mara mingi. Lakini mu Wilderness, kule batu banauana benyewe kwa benyewe, hakuna kaburi ya kungojea. Unabaki na bintu bitatu bya bei kubwa, na coin zinahesabiwa moja moja, kumaanisha lundo lote la coin linaenda.

Sasa likelemba. Tuko batano, babili ba Kenya, komine ya hapa Lubumbashi, si inchi, moja wa Ruashi, moja wa Kamalondo, na mi. Wote tulikuwa na konti ya bure, na kila mutu alitaka membership, konti ya kulipia, yenye unaweza kulipa na bondi, na bondi unaweza kuinunua na coin za ndani ya muchezo, moja inakupa siku 14. Shida ni bei, wakati tulianza ilikuwa inapita milioni 10, peke yako ukicheza bure unazeeka. Njo nikasema tufanye likelemba: kila mutu milioni mbili na nusu kwa mwezi, mwenye zamu anakula zote. Mama yangu anauzisha bunga ya mahindi ku soko ya Kenya, likelemba yao ni ya kila posho, nikamuuliza nani akule wa kwanza. Akasema, "Mwanangu, wa kwanza kukula akuwe mwenye unajua mulango ya kwao." Tukafuata vile, wa kwanza akakuwa wa Kamalondo, tulikuwa naye ku shule.

Bakanipa kaye ya hesabu ya likelemba, juu naandika bizuri. Kaye ya karo, jina tano kwa muraba, mwezi kwa mwezi, biki nyekundu kwa mwenye ameleta. Coin zinapita kwa trade, kupeana ndani ya muchezo, screen ya kwanza unaweka, ya pili unahakikisha, na tulikatala kupeana bondi yenyewe juu ukisha kuinunua ku soko haiuzike tena mpaka ulipe asilimia 10, afazali mwenye zamu ajinunulie. Mu EverQuest, muchezo wa 1999, batu balikuwaka na pointi zao, DKP, unapata pointi ukikuya ku vita, unanunua kitu nazo. Ni kazi muzuri kwa batu makumi mine. Kwa batu batano benye banajuana, likelemba inashinda, juu hakuna mwenye anahesabu nani alipiga sana.

Mwezi wa pili nilifanya kosa. Benzangu batatu balikuwa bamenipa yao, milioni saba na nusu mu mufuko wangu, niko mbele ya benki ya Edgeville, hatua tano tu niweke. Ku kaskazini ya benki kuna ule mufereji, ukiruka uko mu Wilderness. Nikaona batu banapigana ngambo, nikaruka nikaangalie. Mutu moja akanigeukia, sikuwa hata na chakula. Nikakufa. Nilikaa na telefone mu mukono bila kusema kitu, na asubui nikaenda mwenyewe mpaka Ruashi kwa mwenye zamu, sikumuandikia. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Ndugu, utalipa." Nililipa kidogo kidogo, miezi miwili na nusu nikikata miti ya yew ndani ya muchezo na kuuzisha mbao, na bakaniweka wa mwisho mu raundi zote mbili. Balikuwa na haki. Tangu siku ile sheria iko ku ukurasa wa kwanza: coin ya likelemba inaenda benki mbele ya kusalimiana.

Kama unataka kuanza, jua kama konti mupya ya bure kuna bintu haiwezi kuuza ku soko mpaka ufikishe masaa 20 ya kucheza, pointi 10 za quest, kazi zenye muchezo unakupa, na nivo 100 kwa jumla, na ku soko uko na fasi tatu tu za kununua ao kuuza wakati member ana munane. Usikate tamaa pale, fanya quest ndogo, siku ingapi tu unapita. Mi minaupa 9 ku 10, ile moja minatoa juu ya mufuko, 28 kwa telefone ndogo na vidole bikubwa ni kazi.

Mwezi huu njo zamu yangu, ya mwisho mu raundi ya pili. Kaye iko ku meza, jina tatu ziko na alama nyekundu, nangojea wa Ruashi, amesema kuran ikirudi tu analeta.